Swali la Kumuuliza Ofka

Alhamisi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwaka wa sita tangu mwalimu wetu achomwe na maaskofu kule Konstanz.

Kwa dada yangu mpendwa Dorota, popote ilipo mikokoteni ya watu wa kikombe.

Salamu za Mungu zikufikie kwanza, na zangu zifuate nyuma yake. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kile kikohozi kimekuachia, na viatu nilivyokupa bado vina soli. Nasikia huko mnalala chini ya mikokoteni, mnaoka mikate kwenye majivu, na wanawake mnafundishwa kupigana pamoja na wanaume. Ukinijia mimi, mwili wangu ni mzima. Nakula, natembea, na mkono niliouunguza kwenye tanuri la kimea umepona. Mengine utayasoma mwenyewe, na ninakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanilaani.

La kwanza ulijue sasa hivi, usije ukaruka mistari ukilitafuta. Ofka yu hai. Mwanao hajapigwa, hajachomwa, ana nguo na anapewa chakula. Lakini hayuko kwangu. Walimchukua kanisani Jumapili ya Msalaba, na Jumapili hii inayokuja wanampeleka ng'ambo ya milima, Meissen, akalelewe na watawa kwa jina jingine. Zimebaki siku tatu, na siku moja kati ya hizo nataka kuitumia kwa jambo nitakalokueleza mbele.

Nianze ulipoachia. Siku ile ya Mtakatifu Yakobo uliponiachia mtoto ukawafuata wenzako, alikataa kukuaga, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba alikataa pia kuingia ndani, akakataa kuvua viatu, na nilipomwekea uji wa shayiri aliusukuma mpaka ukingoni mwa meza akasema hataki. Nikamwambia nyumba hii yote ni shayiri. Kimea ni shayiri, pombe ni shayiri, hata godoro utakalolalia limejaa makapi ya shayiri. Akanijibu, "Basi mama mdogo, nitakula meza." Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa hivyo, mimi na bakuli, yeye na "sitaki" yake. Ana miaka sita tu, na ukaidi wote wa marehemu baba yake. Nilinung'unika kwa majirani, lakini kusema kweli nilianza kuamka mapema ili niisikie.

Kisha wakaja askari wa msalaba. Walituzunguka siku nane. Baraza la mji, wazee wale wale walioapa hadharani kwamba watakufa ukutani, siku ya tisa walifungua lango kwa masharti. Masharti yalisomwa sokoni kwa Kijerumani, halafu kwa Kicheki, na aliyeyasoma kwa Kicheki alikuwa Henslin.

Henslin mshonaji, ndiyo, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliyekushonea gauni la harusi akakosea mkono mmoja. Mwaka jana mji ulipokuwa wetu na Wajerumani waliokataa kikombe wakafukuzwa, naye alifukuzwa. Wewe ulikuwa Praga ukimtafuta mumeo miongoni mwa waliokufa, hukuona. Vijana wetu waliitupa meza yake ya kukatia nguo kupitia dirishani, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu na bakuli mkononi. Sikusema neno. Baada ya wiki moja nikaanza kutandaza shayiri yangu kwenye sakafu yake ili iote, kwa sababu chumba kilikuwa kizuri na hakikuwa na mtu. Sasa amerudi na jeshi, ni mkalimani wa padri wao mkuu, amekonda na nywele zimemwisha. Alifungua mlango wake, akakuta chumba kizima kimeota. Akasema, "Jirani, naona nilipokuwa sipo umenilimia." Nilizoa kimea chote kwa mikono yangu, na yeye alinishikia gunia.

Masharti yenyewe yalikuwa haya. Kila nyumba ifike kanisani Jumapili ya Msalaba na kupokea mkate kutoka kwa padri wao. Mkate peke yake, bila kikombe cha mvinyo, kama zamani, na Misa kwa Kilatini. Atakayepokea bila maneno atabaki na nyumba yake. Atakayekataa atachomwa. Padri wetu Vanek alikataa palepale sokoni, na wazee wawili pamoja naye. Waliwachoma nje ya lango siku ya tatu. Kuni walikuja kuchukua kwangu, Dorota, kwa kuwa kila mtu anajua kuni zangu za tanuri ndizo kavu kuliko zote. Nilizipasua mwenyewe na kuzipanga tangu Pasaka. Niliwafungulia banda, wakabeba, na mmoja wao aliniambia asante.

Siku hiyo hiyo niliamua kupiga magoti. Najua ungesema nini. Wewe ungeingia motoni ukiimba, na ungekosea sauti vilevile. Mimi si wewe. Niliwaza kwamba kikombe wakituondolea leo kinaweza kurudi kesho, wanaume wakishinda vita, lakini Ofka hana kurudi. Kwa hiyo nikaanza kumfundisha.

Nilikata tufaha vipande vyembamba, nikamkalisha kwenye benchi la jikoni. Piga magoti, fungua kinywa, meza bila kutafuna, kunja mikono, simama, ondoka. Mara ya kwanza alimeza tufaha, kisha akabaki kidevu juu, akingoja. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema anangoja kikombe. Ni kweli, tangu ananyonya hajawahi kupewa kimoja bila kingine. Nikamwambia kikombe kimevunjika, kinatengenezwa. Akataka kujua nani amekivunja, na kama amechapwa. Nilimrudisha kwenye magoti mara ishirini, mara thelathini, mpaka akaweza kumeza na kuondoka bila kuangalia nyuma.

Nikamfundisha na jambo la pili, na hili ulishike vizuri. Nilimwambia kwamba mbele ya watu wale, lolote atakaloulizwa na lolote nitakalosema mimi, yeye aseme ndiyo. Hakuna hapana, hakuna sitaki, mpaka mimi mwenyewe nimwambie basi. Ili asiogope, nikalifanya mchezo. Nilimuuliza kama yeye ni bata, akasema ndiyo, midomo ikimcheza kwa kicheko. Nilimuuliza kama mimi ni askofu, akasema ndiyo. Mwisho nikamuuliza kama anapenda uji wa shayiri. Alinitazama kwa muda mrefu, akijua nimemtega. Akasema ndiyo. Nikamwekea bakuli, akala lote, huku machozi yanamtoka, kwa sababu alikuwa amekubali kucheza. Nikamwambia basi, imetosha. Akasukuma bakuli tupu na kuniambia kwamba hataki tena maisha yake yote.

Jumamosi alipita Svata, mke wa fundi mapipa, kuazima ungo. Alituona na vipande vya tufaha akauliza tunafanya nini, nikamwambia najiandaa kwa kesho. Akasema, "Mimi wangu nawafungia ndani, mwenzangu. Hawana kazi kule." Nikamcheka moyoni. Nilidhani anaogopa watampigia kelele kanisani. Yeye naye, baadaye aliniambia akilia, alidhani tufaha lilikuwa langu, kwamba ni mimi ninayefanya mazoezi.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Tulikwenda mbele kwa mstari, nyumba baada ya nyumba, vichwa chini, na Henslin alisimama kando ya padri na orodha ya majina. Nilipiga magoti, nikafungua kinywa, nikapokea. Haikuwa ngumu kama nilivyotarajia, na hilo ndilo lililonitisha. Kisha nikahisi Ofka anapiga magoti ubavuni mwangu. Alifanya vizuri sana, Dorota. Alifumba macho, akainua kidevu, akafungua kinywa, mikono imekunjwa. Padri hakumpa. Alisimama na mkate mkononi akimwangalia, nami nikainua macho kuona kuna nini.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kwenye mstari wote hapakuwa na mtoto mwingine.

Kwao watoto hawapewi. Wewe unakumbuka. Mimi na wewe tulipokea mara ya kwanza tukiwa wasichana wa miaka kumi na miwili, mama alituogesha na kutusuka, na tulibishana nani atangulie. Nilikuwa nimesahau. Ni miaka minne tu tangu tuanze kuona hata wachanga wakipewa mvinyo kwa kijiko mikononi mwa mama zao, na mimi nikadhani mambo yamekuwa hivyo tangu dunia iumbwe. Wiki nzima nilimfundisha asingoje kikombe. Hakungoja. Hakutafuna, hakuimba, hakuuliza. Alichokosea ni kupiga magoti tu, na aliyempigisha magoti ni mimi. Padri hakuhitaji ushahidi mwingine. Mtoto wa umri ule anayejua kufungua kinywa kwenye altare amefundishwa na watu wa kikombe. Aliuliza maswali yake, Henslin akafasiri, na mtoto akachukuliwa.

Ningependa kuishia hapo, na kwa siku kumi nimeishia hapo kila nilipojisimulia. Lakini jana Henslin alikuja.

Alikuja mchana, akaketi juu ya gunia la kimea, akaanza kunitazama mshono wa begani kama kwamba hicho ndicho kilichomleta. Baadaye akaniambia mtoto yuko kwenye nyumba ya watawa kando ya mto, ile tuliyoifunga sisi na wao wakaifungua tena. Wamempa jina la Barbara. Wanamuuliza kama jina lake ni Barbara, anasema ndiyo. Wanamuuliza kama mama yake amekufa, anasema ndiyo. Kama ana njaa, ndiyo, kama ameshiba, ndiyo. Watawa wanaona ana akili pungufu na wanamwonea huruma. Asubuhi wanampa uji wa shayiri, anaumaliza, wanamuuliza kama anataka tena, anasema ndiyo, wanamwongeza. Jana alitapika.

Henslin akaniambia, "Jirani, huyu ndiye aliyekuwa akinirushia maganda ya tufaha dirishani. Nilimtaka aombe radhi, akakataa mpaka nikaomba mimi. Mmemfanya nini?" Nikamwambia nilimfundisha.

Nikamuuliza kwa nini yeye siku ile alinyamaza. Akajibu kwa sauti ya chini, akichezea uzi: "Nilitaka kujua ulichohisi wewe pale mlangoni, walipokuwa wanatupa meza yangu. Sasa nimekijua. Silali." Halafu akasema nina kipaji cha kukaa kimya, na siku nikifungua mdomo ninafungua kwa uongo. Hakusema kwa hasira. Ningemshukuru kama angesema kwa hasira.

Dada yangu, sasa nikwambie alichokuwa anakizungumzia. Nimeandika hapo juu kwamba walimchukua Ofka. Si hivyo. Nilimtoa mimi.

Padri aliuliza mtoto huyu ni wa nani. Henslin akafasiri akinitazama, na alijua, maana amemwona Ofka akikua mtaani kwetu. Kanisa zima lilijua. Svata alijua, wazee wa baraza walijua, mwanamke aliyemzalisha alikuwa nyuma yangu hatua mbili. Mimi nilikuwa na mkate wao bado haujayeyuka ulimini. Nikaziwaza kuni zangu. Sikuwaza kingine, nataka ulijue hilo, sikukuwaza wewe wala mtoto, niliwaza jinsi zilivyokuwa kavu na jinsi zilivyoshika haraka. Nikasema simjui. Nikasema alinifuata tu kutoka mlangoni, labda ni wa watu waliokimbia. Nilisema kwa sauti, na hakuna aliyekohoa.

Padri akamwinamia mtoto, na Henslin akamfasiria, "Ni kweli huyu mama si wako, na humjui?"

Ofka akanitazama. Nilikuwa nimemfundisha vizuri. Akasema ndiyo.

Hakulia walipomshika mkono. Alikwenda nao mpaka mlangoni, kisha akageuka, na uso wake ulikuwa ule ule wa jikoni, wa mtoto anayetaka kujua kama amepatia. Mimi niliinamisha kichwa. Nikarudi nyumbani, nikawasha tanuri, nikakausha kimea. Svata alikuja kunishika mkono akisema nisingeweza kufanya lolote, na mimi nikamwacha aseme.

Kwa hiyo yule mtoto bado anacheza, Dorota. Siku kumi na moja anacheza peke yake, na wote wanamwona mpumbavu, kwa sababu mtu mmoja tu duniani ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia basi, na mtu huyo alikuwa nyumbani anapepeta shayiri.

Kesho Ijumaa padri wao anakaa kwenye nyumba ya watawa kusikiliza mashauri, na ndiyo siku ya mwisho kabla msafara haujafungwa. Nimemwambia Henslin nitakwenda kusema kwamba mtoto ni wa dada yangu, kwamba nilidanganya mbele ya altare na mkate mdomoni. Henslin hakunificha. Alisema padri akiamka vizuri anaweza kunitembeza mjini na mshumaa wa toba mkononi, nikakikana kikombe hadharani, na mtoto akaachwa mikononi mwangu. Akiamka vibaya, amekwisha kuchoma watu kwa kosa dogo kuliko hilo, na mtoto ataondoka Jumapili vilevile. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba lolote litakalotokea, kwanza nimwone Ofka kwa muda wa kusema neno moja. Watawa wanapika pombe yao na wameishiwa kimea. Henslin amewaambia nitapeleka gunia asubuhi, na mtoto huwa anakaa uani akichambua maharage. Nitaanza na uani, ndipo niingie kwa padri. Alisema atayafasiri maneno yangu kwa uangalifu kama anavyokata kitambaa ghali. Nilimkumbusha mkono wa gauni lako. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu arudi.

Naogopa, dada. Sitamdanganya tena mtu yeyote wiki hii. Nikifika kwenye lango lile sijui kama miguu itaingia au itarudi. Tangu jana nimelifikia mara mbili, nikarudi. Ndiyo maana ninaiandika barua hii leo, na kumkabidhi Havel mchuuzi wa chumvi anayeondoka mchana huu, ili niwe nimekwisha kukuahidi.

Kama hutapata barua nyingine kutoka kwangu, mtafute mwanao Meissen, kwenye nyumba ya watawa, kwa jina la Barbara. Ana kovu dogo chini ya kidevu, alilipata alipojigonga kwenye mlango wa tanuri langu mwezi uliopita, na akakataa nilifunge. Nyumba yangu ni yako. Kimea kilichobaki mpe Svata, watoto wake watatu wana njaa na yeye hakukosa lolote. Wasalimie wanawake wote wa mikokoteni, msalimie mama wa jikoni aliyekupa blanketi, na ukipita alipozikwa mumeo mwambie mwanawe amefanana naye kwa kila kitu.

Na utakapompata Ofka, usimuulize kama anakukumbuka, wala kama alinisamehe. Mwekee bakuli la uji wa shayiri, umuulize kama anataka. Akisema ndiyo, basi miguu yangu ilirudi, na ninakuomba umwambie wewe kwamba imetosha. Akiusukuma mpaka ukingoni mwa meza, ujue nilifika.

Ni mimi mdogo wako,
Machna wa kimea